Hoja Iliyofuta Jibu Sahihi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mfumo wa Kielektroniki wa Kukusanya Data katika Jaribio la Dawa ya Saratani

Kisa chote kimo katika mistari mitatu ya kumbukumbu ya mabadiliko. Mstari wa kwanza unaonyesha kuwa saa 4:14 asubuhi, siku mbili baada ya mshiriki kupigwa picha ya CT ya wiki ya 24, karani wa data wa kituo aliingiza neno "umezidi" katika sehemu inayouliza hali ya ugonjwa. Mstari wa pili unaonyesha kuwa sekunde hiyo hiyo mfumo wenyewe, bila mkono wa mtu, ulifungua hoja, yaani ujumbe wa kukitaka kituo kihakiki jibu lililoingizwa. Mstari wa tatu, ulioandikwa siku tatu baadaye, unaonyesha neno "umezidi" likibadilishwa kuwa "umetulia", na katika sehemu ya sababu pamechaguliwa maneno "kosa la uingizaji". Hapakuwa na kosa la uingizaji. Jibu la kwanza ndilo lililokuwa sahihi, na mshiriki yule aliendelea kumeza vidonge ambavyo havikumsaidia tena kwa wiki 8 zaidi.

Jaribio lilikuwa la awamu ya pili, katika vituo kadhaa, kwa wagonjwa wenye saratani ya uvimbe iliyokwisha kusambaa. Nilikuwa mmoja wa wasimamizi wa data. Mdhamini, vituo na kampuni iliyojenga mfumo sitawataja, na vipimo vya mshiriki nimevibadilisha kidogo ili asitambulike, ila uwiano wake nimeuacha kama ulivyokuwa, kwa sababu bila uwiano huo kisa hakieleweki.

Ili kuona kilichotokea, ni lazima kwanza kueleza jinsi ugonjwa unavyopimwa katika majaribio ya aina hii. Vigezo vinavyotumika zaidi ni vya RECIST, vilivyotolewa mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2009 kuwa toleo la 1.1. Kabla ya mshiriki kuanza dawa, daktari wa radiolojia huchagua maeneo ya uvimbe yanayopimika vizuri, yasiyozidi matano kwa jumla wala mawili katika kiungo kimoja, kisha hupima kipenyo kirefu cha kila eneo. Kwa tezi za limfu hupimwa kipenyo kifupi badala ya kirefu. Vipenyo hivyo hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo kipimo cha mwanzo. Kila baada ya wiki kadhaa picha hurudiwa na maeneo yale yale hupimwa tena. Jumla ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi kutoka kipimo cha mwanzo, ugonjwa huhesabiwa kuwa umepungua kiasi. Ikiongezeka kwa asilimia 20 au zaidi, na ongezeko lenyewe likafika angalau milimita 5, ugonjwa huhesabiwa kuwa umezidi. Eneo jipya la uvimbe likionekana, ugonjwa umezidi hata kama maeneo ya zamani hayajabadilika.

Jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita ni kwamba vipimo hivi viwili havianzii mahali pamoja. Kupungua hupimwa kutoka mwanzo. Kuongezeka hupimwa kutoka jumla ndogo kuliko zote zilizowahi kupatikana tangu mshiriki aingie katika jaribio, kipimo cha mwanzo kikiwamo. Sababu yake ni ya kitabibu kabisa: uvimbe uliosinyaa kisha ukaanza kukua tena ni uvimbe uliokwisha kuishinda dawa, na hakuna maana ya kusubiri mpaka urudi ukubwa wake wa siku ya kwanza ndipo mgonjwa aambiwe.

Mshiriki wa kisa hiki alikuwa na maeneo mawili ya uvimbe mapafuni na tezi moja ya limfu kifuani. Jumla yake ya mwanzo ilikuwa milimita 84. Wiki ya 8 ilishuka hadi 56, na wiki ya 16 hadi 48. Dawa ilikuwa inafanya kazi, na katika faili lake muuguzi aliandika kwamba mgonjwa ameanza tena kupanda ngazi bila kupumzika. Wiki ya 24 jumla ilikuwa 59. Kutoka 48 hadi 59 ni ongezeko la milimita 11, karibu asilimia 23. Masharti yote mawili yalikuwa yametimia, na daktari aliyejaza karatasi ya vipimo alizungushia neno "umezidi" kwa kalamu, akatia saini na tarehe.

Mfumo ulihesabu vingine. Kanuni yake ya ukaguzi ililinganisha 59 na 84, ikapata punguzo la asilimia 29.8, likawa chini kidogo ya 30, na kwa kuwa hapakuwa na ongezeko lolote kutoka mwanzo, ikahitimisha kwamba ugonjwa umetulia. Kisha ikafungua hoja yenye maneno haya: "Hali ya ugonjwa hailingani na vipimo. Kwa vipimo vilivyoingizwa, jibu linapaswa kuwa UMETULIA. Tafadhali sahihisha."

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila nikiyasoma naona kuwa kosa la hesabu lilikuwa dogo kuliko kosa la sentensi. Hesabu ikikosea na mfumo ukauliza tu, "Tafadhali hakiki hali ya ugonjwa dhidi ya karatasi ya vipimo," karani angefungua karatasi, angeona duara la kalamu na saini, na angejibu kwamba jibu ni lile lile. Hoja hii haikuuliza. Ilimwambia karani kwamba amekosea, ikamwandikia jibu analopaswa kuweka, na ikamwomba atii. Wasimamizi wa data hufundishwa mapema kwamba hoja isimwongoze anayeulizwa kwenye jibu, kwa sababu data za mshiriki ni za kituo na mtafiti wake ndiye anayewajibika kwa usahihi wake. Tunalizingatia hilo tunapoandika hoja kwa mkono. Hoja zinazofunguliwa na kanuni za mfumo huandikwa mara moja, miezi kabla ya mshiriki wa kwanza, na mara nyingi anayeziandika ni mjenzi wa mfumo anayetaka ujumbe wake uwe mfupi na wazi. Ndivyo sharti tunalojiwekea sisi kwa mkono lilivyokosekana mahali ambapo ujumbe mmoja hutumwa mamia ya mara.

Karani alipoulizwa baadaye alijibu kwa unyoofu: "Mfumo ulisema jibu halilingani, nikadhani nimebonyeza vibaya." Yeye si mtaalamu wa radiolojia na hakutakiwa kuwa. Kila Jumatatu vituo vyote vilipokea ripoti ya hoja zilizo wazi, na hoja yoyote iliyopita siku 7 ilionekana kwa rangi nyekundu. Alifunga hoja ile siku ya tatu. Hata sababu aliyoichagua hakuitunga: orodha ya kuchagua ilikuwa na "kosa la uingizaji", "taarifa mpya" na "nyingine", na chaguo la tatu lilidai maelezo marefu yasiyopungua herufi 50. Mfumo uliomlazimisha kueleza sababu ya kila badiliko ulikuwa umemtayarishia sababu ya uongo iliyo rahisi kuliko ya kweli.

Swali linalokuja mara moja ni kwa nini daktari hakuligundua jambo hili. Daktari aliyemwona mshiriki siku ya kupewa vidonge vya mzunguko uliofuata hakuwa yule aliyejaza karatasi. Alifungua ukurasa wa muhtasari katika mfumo, akaona 84, 56, 48, 59, akaona "umetulia" mbele ya wiki ya 24, akaendelea. Mtafiti mkuu wa kituo naye alitia saini yake ya kielektroniki kwenye fomu za mshiriki huyo mwishoni mwa mwezi, kurasa zote kwa pamoja, kama mfumo unavyoruhusu. Sisemi hili ili kuwahukumu. Ukurasa wa muhtasari ulibuniwa ili daktari asilazimike kurudi kwenye karatasi, na ulifanya kazi iliyokusudiwa.

Kisa kilifichuka wiki ya 32, na si kwa sababu ya jumla. Jumla ya siku hiyo ilikuwa 71, ambayo bado ni ndogo kuliko 84, na kanuni ya mfumo ingeendelea kusema "umetulia" bila kusita. Kilichofichua ni eneo jipya la uvimbe katika ini. Mshiriki aliondolewa kwenye dawa, mfuatiliaji wa mdhamini akafika kituoni kulinganisha fomu na hati chanzo, yaani karatasi za awali za kituo, na akakuta karatasi ya wiki ya 24 yenye duara na saini. Alinipigia simu akiwa bado ameishika, akaisoma herufi kwa herufi.

Tulipofungua maelezo ya ujenzi wa mfumo tulikuta sentensi iliyozaa haya yote: "Ongezeko la asilimia 20 au zaidi ya jumla ya vipenyo: ugonjwa umezidi." Ongezeko kutoka wapi, hapakuandikwa. Itifaki, yaani mpango rasmi wa jaribio, ilikuwa imesema waziwazi, lakini aliyetoa muhtasari wa itifaki kwa ajili ya mjenzi aliyafupisha maneno, na mjenzi alilijaza pengo kwa kile kilichokuwa karibu. Katika mifumo mingi ya aina hii ni rahisi kuiambia kanuni isome fomu moja isiyohama, kama ya kipimo cha mwanzo. Kuiambia ipitie mahudhurio yote yaliyopita, pamoja na yale yasiyopangwa, itafute jumla iliyo ndogo kuliko zote, huhitaji kuandikiwa msimbo wake wa pekee. Kampuni ilisema ilijenga kama ilivyoandikiwa, na ilikuwa kweli. Mdhamini alisema itifaki ilikuwa wazi, na hiyo pia ilikuwa kweli.

Upimaji wa mfumo ndio uliopaswa kulikamata kosa hili. Kabla ya mfumo kufunguliwa tuliingiza wagonjwa 6 wa kubuni na kuwapitisha katika mahudhurio yote. Niliyatafuta majedwali yao. Mmoja uvimbe wake ulipungua hadi mwisho, mmoja ulitoweka, mmoja haukubadilika, wawili ulikua tangu picha ya pili, na mmoja alipata eneo jipya. Hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulipungua kisha ukakua. Kwa wale wawili ambao uvimbe ulikua tangu mapema, jumla ndogo kuliko zote ilikuwa ndiyo ile ya mwanzo, hivyo kanuni mbovu na kanuni sahihi zilitoa jibu moja. Tulitia saini ripoti ya uthibitishaji tukiamini kwamba tumepima, ilhali njia inayopitiwa na wagonjwa wengi ambao dawa huwasaidia kwa muda hatukuipitia hata mara moja.

Hapo ndipo uzito wa kosa kwa sayansi unapoonekana. Kanuni hii haikuweza kumdhuru mshiriki ambaye dawa haikumsaidia tangu mwanzo. Ilimgusa yule tu ambaye uvimbe wake ulisinyaa kwanza. Kwa hiyo ilirefusha muda wa kuishi bila ugonjwa kuzidi, na ilirefusha muda wa mwitikio, yaani muda ambao uvimbe hubaki umepungua, kwa wale wale ambao matokeo yao ndiyo yanayoipa dawa sifa. Makosa ya kawaida ya uingizaji huelekea huku na kule, na mtakwimu ana njia za kuyavumilia. Kosa linalovuta upande mmoja, tena upande wa kuipendelea dawa, haliwezi kuvumiliwa hata likiwa la mshiriki mmoja.

Urekebishaji ulianza kwa kuizima kanuni, kwa badiliko la toleo lililosajiliwa na kutiwa saini na wala si kimyakimya. Kisha watu wawili, kila mmoja kivyake, walihesabu upya hali ya ugonjwa ya kila mshiriki kutoka vipenyo vyenyewe, nje ya mfumo, na kulinganisha majibu. Tulipata washiriki wengine wawili ambao kanuni iliwapinga. Wa kwanza jibu lake lilikuwa limebadilishwa kama la mshiriki wetu, ila alikuwa ameacha dawa wiki ile ile kwa sababu ya madhara, kwa hiyo kilichoharibika ni tarehe tu ya ugonjwa kuzidi. Wa pili jibu lake lilibaki sahihi. Muuguzi wa utafiti wa kituo chake alijibu hoja kwa sentensi moja: "Daktari amethibitisha, linganisha na wiki ya 16, si ya mwanzo." Hoja hiyo ilirudishwa kituoni kutoka ofisini kwetu ikiwa na maneno "bado hailingani, tafadhali sahihisha", na muuguzi aliijibu mara ya pili kwa maneno yale yale. Aliyeirudisha ni mimi. Nilikuwa na hoja zaidi ya 100 siku hiyo, niliona alama ya mfumo, sikuisoma sentensi yake. Ukweli ulikuwa umeandikwa mbele yangu wiki 6 kabla ya picha ya wiki ya 24 ya mshiriki wetu, na ningeusoma, kanuni ingezimwa kabla hoja yake haijafunguliwa.

Data zenyewe hazikufutwa. Kanuni za Marekani za mwaka 1997 kuhusu rekodi za kielektroniki, ambazo mifumo hii hujengwa kuzitimiza, zinataka kumbukumbu ya mabadiliko inayoandikwa na kompyuta yenyewe, yenye tarehe na saa, na isiyofunika kile kilichoandikwa mwanzo. Kwa hiyo mistari ile mitatu bado ipo, na chini yake umeongezwa wa nne: "umezidi", pamoja na maelezo kamili ya sababu na saini mpya ya mtafiti. Ukiukaji wa itifaki uliripotiwa kwa mdhamini na kwa kamati ya maadili ya utafiti. Mtafiti mkuu alimweleza mshiriki mwenyewe, ana kwa ana, kwamba wiki 8 za mwisho alipaswa kuwa kwenye tiba nyingine. Hilo lilikuwa jukumu lake na alilitimiza. Sikuwepo, na sitaandika yaliyosemwa.

Kuandika kanuni mpya kulitufundisha kwamba neno "jumla ndogo kuliko zote" lina mitego yake. Rasimu ya kwanza ilipanga mahudhurio kwa majina yake, hivyo picha isiyopangwa, iliyopigwa kati ya wiki ya 16 na ya 24, ikawekwa mwisho wa mstari. Ilibidi kupanga kwa tarehe ya picha. Mtego mbaya zaidi ulikuwa wa eneo lisilopimwa. Picha ikitoka na ukungu na eneo moja lisisomeke, sehemu yake huachwa wazi, na rasimu ile ilihesabu pengo hilo kuwa sifuri. Jumla ikaonekana ndogo kupita kiasi, na picha iliyofuata ikaonekana kama uvimbe umelipuka. Tungetoka kwenye kosa la kuchelewa kumwondoa mgonjwa na kuingia kwenye kosa la kumnyang'anya dawa inayomsaidia. Sasa jumla isiyokamilika haiwezi kuwa kigezo cha kulinganisha. Na katika wagonjwa wa kubuni tumeongeza mwenye jumla iliyotoka milimita 15 hadi 18, ambayo ni asilimia 20 kamili lakini milimita 3 tu, na kwa hiyo ugonjwa wake haujazidi.

Wenzangu wawili walipendekeza kwamba kanuni kama hii iondolewe kabisa, na daktari aachwe na jibu lake. Sikukubaliana nao moja kwa moja, kwa sababu madaktari nao hukosea hesabu, na nimeona kipenyo cha 4.1 kikiingizwa kwa sentimita mahali pa milimita. Ninachoamini ni kwamba ukaguzi wa jambo lisilowezekana na ukaguzi wa uamuzi wa kitabibu havipaswi kuandikwa kwa sauti moja. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ya 88 iliyowekwa chini ya miligramu kwa desilita karibu hakika ni ya mikromoli kwa lita, kwa kuwa miligramu moja kwa desilita ni sawa na mikromoli 88.4 kwa lita. Hapo mfumo una haki ya kusema kwa nguvu. Hali ya ugonjwa ni hukumu ya mtu aliyeiona picha. Katika majaribio ya dawa za kinga za mwili, kwa mfano, vigezo vya iRECIST vya mwaka 2017 vinaruhusu mshiriki kuendelea na dawa baada ya uvimbe kukua mara ya kwanza, mpaka ongezeko lithibitishwe kwa picha nyingine, lakini hata huko fomu husema "umezidi, haujathibitishwa". Hakuna mahali ambapo huandikwa "umetulia".

Kanuni mpya imebaki na kazi moja. Inaonyesha jumla zote kwa mpangilio wa tarehe, inataja ile ndogo kuliko zote na siku yake, kisha inauliza: "Je, hali ya ugonjwa iliyoingizwa ndiyo iliyo kwenye karatasi ya vipimo iliyosainiwa?" Haimtajii karani jibu lolote. Orodha ya sababu imeongezewa "jibu linabaki kama lilivyo", na chaguo hilo halidai herufi 50. Hoja zilizojibiwa kwa chaguo hilo hazihesabiwi tena katika ripoti ya Jumatatu, na hazirudishwi kituoni kabla ya mtu wa pili ofisini kusoma alichoandika mjibu na kutia saini yake. Hoja ya kwanza ya aina hiyo ilitoka kwa karani yule yule, kwa mshiriki mwingine. Aliijibu kwa kuandika: "Jibu linabaki. Nimesoma karatasi pamoja na daktari." Niliifunga siku hiyo hiyo.